Jumatatu ya Madume

Korongo la Ruddle,
West Virginia,
mwanzoni mwa Novemba.

Kaka yangu Wendell,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi Patrice na watoto, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kukalia kiti cha ofisi kutwa nzima umepata nafuu. Sisi huku tunashukuru. Baridi imeshapiga hodi, majani yameanguka yote isipokuwa ya mialoni, ambayo unayajua hayana haraka. Mimi ni mzima, jiko la shule bado linanila mikono, na Baba naye ni mzima, ukiacha magoti, ukiacha moyo, na ukiacha lile jambo ulilotaka nikujibu.

Najua ulitaka jibu fupi. Ulisema kwenye simu, "Darlene, sitaki hadithi. Akili yake ipo au haipo?" ili ujue kama uje umchukue ukamweke huko Charlotte karibu na hospitali kubwa, na nyumba hii tuifunge. Kaka, nimejaribu kulifupisha jibu hilo, halifupishiki. Simu za huku unazijua, mpaka mtu apande kilima cha makaburi ndipo apate sauti, na hata akiipata, wewe una tabia ya kunikatiza. Karatasi haikatizwi. Basi vuta kiti, soma mpaka mwisho, na usiruke mstari.

Mambo yalianza Oktoba, mezani, tukila maharage na mkate wa mahindi. Baba alifuta mdomo, akanisukumia ile ramani yake ya msitu wa serikali, akasema mwaka huu mpango wa Jumatatu ya Madume nitaufanya mimi. Nilidhani ananitania. Maisha yake yote mpango huo ameufanya kichwani, peke yake, bila kumwambia hata Mama, Mungu amrehemu. Siku hiyo, ya kwanza ya msimu wa kulungu, anatoka bado kiza, anarudi jioni, na ukimuuliza alikaa wapi anakujibu, "Msituni." Mimi mwenyewe huwa nawinda bondeni kwenye shamba la mjomba, mahali ambapo mtu anaweza kuvizia kulungu huku anaona moshi wa jiko lake. Ule mlima sikuwahi kualikwa.

Lakini alikuwa hatanii. Alisema macho yake hayatofautishi tena ile mistari ya miinuko, yote imekuwa nywele za bibi kizee, na daktari amemkataza kubeba kitu kizito kuliko sufuria. Kwa hiyo anataka macho yangu na miguu yangu. "Nichagulie mahali," alisema. "Nitakuambia ulipokosea."

Basi nikajitia kazini. Unakumbuka ardhi ile ilivyo, kaka, ni ya umma, na cha umma ni cha kila mwenye leseni. Watu wa Pittsburgh na wa Virginia watajaa kwenye mageti ya msitu kabla ya kucha na pikapu zao zinazong'aa. Uzuri wao ni kwamba hawaendi mbali. Wengi gari likipotea nyuma ya mti wanaanza kumwita Mungu. Kwa hiyo mtu anapanga mambo mawili kwa pamoja: kulungu wenyewe wanapenda kuwa wapi, na watu watawasukumia wapi. Nilipanda mlima kila Jumamosi. Nilitazama mialoni ipi imezaa, dume gani amesugua pembe zake kwenye mti gani, upepo unashuka saa ngapi na jua likipiga mawe unageuka saa ngapi. Nilirudi na miiba mpaka kwenye soksi, na nakuambia kweli, nilifurahi. Nilikuwa najiona mtu.

Nikampelekea mpango wa kwanza. Nilichagua pale juu ya mgongo wa Bonner, mahali mlima unapobonyea kama mgongo wa farasi, mialoni imezaa mpaka unateleza juu ya mbegu, na njia tatu za kulungu zinakutana. Baba alinisikiliza amefumba macho. Akasema, "Pazuri sana, mwanangu. Hapo hata kipofu angepata dume. Lakini hapo ni kwa Dorsey Mallow, ndipo anapokaa kila msimu, hatuendi." Sawa, nikasema, kwa Dorsey ni kwa Dorsey. Nikaleta mpango wa pili, wa upande wa kivulini. Akausifu. Akasema hatuendi. Nikaleta wa tatu. Akausifu kuliko yote, akaniuliza nimejifunza wapi kusoma upepo namna hiyo, moyo wangu ukavimba kwa raha, kisha akasema hatuendi. Nikamwuliza, sasa Baba unataka nini?

Ndipo akaweka kidole kwenye ramani. Kilitua juu kabisa, kichwani mwa korongo letu, penye ule mporomoko wa mawe. "Hapa," alisema. "Kuna mwamba bapa. Nipangie jinsi ya kufika hapa."

Nilidhani kidole kimeteleza. Nikakitoa, nikamrudishia ramani, akakiweka palepale. Jumamosi nikaenda kupaona kwa macho yangu. Kaka, ni juu mno. Unafuata tuta la zamani la reli ya magogo mpaka linapokatika, halafu unapanda kwa mikono na magoti kati ya mawe yanayocheza kama meno mabovu. Nilipofika kwenye huo mwamba nilikaa nikatazama, nikatazama tena. Hakuna mwaloni hata mmoja. Hakuna njia, hakuna kinyesi, hakuna mti uliosuguliwa. Mbele yako ni kile kichaka kinene ambacho hata mbwa hukiingia kwa kurudi kinyumenyume, na upepo wa asubuhi unatoka mgongoni kwako unakwenda moja kwa moja ndani yake, kumwambia kila kulungu aliyelala humo kwamba umekuja na umekula nini. Ukitafuta mahali pabaya kuliko hapo itabidi uhamie kaunti nyingine.

Nikarudi nikamweleza yote, kwa upole, kama anavyoelezwa mgonjwa. Akanijibu neno moja: "Najua." Nikamwuliza kama anajua, kwa nini tunakwenda? Akasema, "Unataka kupanga au unataka kubishana?" Kisha akataka nimpangie mahali pa kupumzikia njiani, na fimbo mbili badala ya moja, na tuondoke mapema kuliko watu wote ili asipitwe na mtu.

Hapo ndipo nilipokupigia simu. Nawe uliposema kwamba mzee ameshaanza kupotea, sikukubishia, maana hata mimi ndivyo nilivyofikiri. Mtu aliyetufundisha upepo kabla hajatufundisha kusali anataka kwenda kukaa na upepo mgongoni! Uliniambia niifiche bunduki. Bunduki nzima nisingeweza, angeiona haipo ukutani; nikachomoa kile chuma cha kufungia risasi, ambacho bila hicho bunduki ni fimbo ya bei kubwa, nikakizika kwenye pipa la unga wa ngano. Na siku hiyohiyo, nikiwa kwenye duka la vyakula vya mifugo, Virgil Hedrick akaniuliza mzee anaendeleaje, nami nikamjibu kwa uchovu tu kwamba sidhani kama mwaka huu atapanda mlima. Sikusema lingine. Nikachukua mahindi ya kuku, nikaondoka.

Sasa sikiliza vituko. Kesho yake akaja mke wa Virgil na pai ya tufaha ingali moto. Akamwuliza Baba habari za magoti, akasikitika sana, akamwambia Jumatatu ya Madume ni siku nzuri ya kupumzika karibu na jiko. Alipotoka akaja mchungaji na sufuria ya nyama, akaomba naye sala, na baada ya amina akauliza kama ni kweli mzee atakuwa nyumbani. Wakaja akina Propst wawili ambao hawajakanyaga hapa tangu mazishi ya Mama. Mwisho akaja Dorsey Mallow mwenyewe, ambaye hajazungumza na Baba tangu ugomvi ule wa mbwa, akasimama barazani na chupa ya siagi ya tufaha, ile jamu nzito ya kupaka mkate, mikononi kama mtu aliyekuja kuposa.

Mimi nililia, kaka. Nilijisemea, tazama watu wa korongo hili walivyo na utu, kumbe wanampenda hivi na hawakuwahi kusema. Lakini Baba hakulia. Alikula pai yote, akasafisha sahani kwa ukoko wa mkate, na kila aliyekuja alimwambia hajawahi kuwa na nguvu kama mwaka huu. Mbele ya Dorsey aliinuka kwenye kiti bila kushika meza, akatembea mpaka mlangoni wima kama askari. Dorsey alipoondoka ilibidi nimrudishe kwenye kiti kwa kumbeba. Nikamwuliza anamwonyesha nani hayo maringo. Akasema, "Wewe mdomo wako umeniletea kunguru." Sikuelewa hata kidogo. Niliona ni ugonjwa umeongezeka, sasa anawaona wema kuwa kunguru.

Aliyenifungua macho, kisha akanivuruga zaidi, ni Dorsey. Nilimkuta kwenye karamu ya wawindaji kwenye ukumbi wa zimamoto, nikamshukuru kwa siagi. Akainama sikioni kwangu akaniuliza kwa sauti ya kanisani, hivi, mzee ameshasema ule mwamba anamwachia nani?

Sheria ya kwetu unaijua, tumeinyonya na maziwa, ingawa haikuandikwa popote na serikali haiitambui. Ardhi ni ya wote, lakini kituo ni cha aliyekikalia asubuhi ya kwanza ya msimu, mwaka hadi mwaka, na watu watakiheshimu hata kama ni adui yako. Ukikosa asubuhi hiyo moja, kimekufa mikononi mwako, na atakayekiwahi ni chake. Asiyekuwepo na lake halipo. Kwa hiyo nilipofungua mdomo wangu kwa Virgil pale dukani kwenye magunia ya mahindi, kumbe nilikuwa nimepiga mnada.

Lakini nikamwambia Dorsey, mwamba ule? Ule wa mawe? Mimi nimekwenda, hakuna hata sungura! Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Binti wa Orval Kesner huyo! Baba yako naye hivyohivyo, ukimwuliza anakwambia hakuna kitu." Kisha akanihesabia hoja zake kwa vidole. Kwamba baba yangu ndiye mwindaji bora katika kaunti hii, hilo hata adui hakatai. Kwamba pale Bonner palikuwa pa baba yangu miaka yote, tangu ujana wake, na siku moja akapaacha tu kwa hiari yake, wala hakusukumwa, Dorsey akapita akapaokota kama mtu aliyeokota ng'ombe mwenye maziwa. Kwamba tangu siku hiyo Orval anakaa kwenye mwamba kila mwaka, na hajafyatua risasi hata moja. "Sasa niambie wewe," alisema, "mtu anaacha Bonner anakwenda kukaa kwenye mawe, anaona madume ya kawaida yanapita na hapigi. Anamngoja nani? Kimya kingi kina mshindo mkuu, Darlene. Kule kuna dume ambaye sisi hatujawahi kumwona." Akaniambia Virgil ameapa kwamba aliona nyayo mwaka juzi, kubwa kama za ndama.

Nilirudi nyumbani kichwa kinazunguka. Korongo zima limeamini kwamba mahali pabaya kuliko pote ndipo bora kuliko pote, kwa sababu baba yangu amepakalia kimya, na mimi ninayejua ukweli ndiye ninayeonekana mjanja anayeficha. Nilianza kujiuliza kama ni Baba aliyepotewa na akili, au ni wao, au ni mimi niliyekwenda mlimani nikaona mawe mahali ambapo wenzangu wanaona dume.

Nikamkuta ameketi na bunduki mapajani, anaipangusa kwa kitambaa. Tundu la pale chuma kilipokuwa lilikuwa wazi kama jino lililong'oka. Nilingoja aniulize. Alimaliza kuipangusa, akaitundika ukutani, akasema, "Kile chuma ukitoe kwenye unga, kitapata kutu. Kitunze wewe ukitaka. Mimi kule sihitaji bunduki."

Kaka, nilikaa chini. Nikamwambia kama huhitaji bunduki unapanda ule mlima kuwinda nini, na moyo wako huo, na magoti yako hayo, unakwenda kufanya nini?

Akasema, "Kumkalia Wendell."

Soma tena hapo kama ulipita haraka. Mimi ilibidi anirudie.

Mwamba ule ni wako. Ndipo ulipompiga dume wako wa kwanza ulipokuwa na miaka kumi na sita, yule ambaye pembe zake bado ziko juu ya mlango wa ghala. Mimi nilijua tu ulimpiga "juu", ninyi wanaume hamkuniambia zaidi. Baba alinieleza kwamba mwaka ule ulikataa msaada wake, ukasema umeshakuwa mkubwa, utaisoma ramani mwenyewe. Ukachagua mwamba. Alijua ni pabaya mara tu ulipopataja, lakini hakusema, kwa kuwa alipoutazama uso wako aliona neno moja lingeuvunja. Kwa hiyo asubuhi ile, wewe ukiwa juu unatetemeka na upepo mgongoni, yeye aliikalia Bonner yake mpaka kukapambazuka, kisha akaiacha na mialoni yake, akazunguka chini, akaingia kile kichaka kwa miguu. Alikisukuma chote kutoka chini kwenda juu, akichanika suruali na kupoteza kofia, mpaka dume akatoka mbio akapanda kukujia. Ukapiga. Kisha akarudi kwa njia nyingine, akakukuta barabarani unamburuta, unamweleza kila anayepita jinsi ulivyousoma mlima. Akakupa mkono, akakupongeza. Mama alimshonea suruali na hakuuliza.

Halafu ukaenda Charlotte. Siku unapakia gari ulimwambia, "Mzee, mtu asije akakalia mwamba wangu." Nadhani ulisema kwa mzaha. Mimi nilikuwepo na nilicheka. Yeye hakusikia mzaha, alisikia mwanawe amemwachia kitu akitunze. Mwaka ule ulisema kazi zimebana, utakuja mwakani. Sasa mtu mmoja hawezi kukalia vituo viwili asubuhi moja. Akaiachia Bonner ikafa, akaenda kukaa kwako. Mwaka uliofuata ukasema mwakani. Na hivyo, na hivyo. Ameketi na upepo mgongoni miaka yote hii, akijua kwamba hakuna kitakachokuja, kwa sababu hakwenda kungoja kulungu.

Nitakuambia nilivyojisikia, wala sitapaka sukari. Nilikasirika. Nilikasirika na wewe, nikakasirika na yeye, halafu nikaona wivu, wivu wa kitoto kabisa, mtu mzima mimi mwenye mvi. Nikamwuliza, "Na mimi je, Baba? Mwamba wangu uko wapi? Mimi ninayekupikia, ninayekupeleka kwa daktari, umenitunzia mahali gani?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali lisilo na maana. Akasema, "Wewe hujawahi kuondoka. Nikutunzie nini?" Mpaka leo sijui kama amenisifu au amenitukana. Nililia nikiosha vyombo, na nilipomaliza kulia bado nilikuwa sijui.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo ndilo hasa limenikalisha kuandika, na nakuomba usikunje uso.

Baada ya maneno hayo nilimwambia imetosha, haendi. Daktari amekataza, na hata bila daktari mimi nimeuona ule mlima, hawezi. Akainuka. Akasema atapanda hata kwa kutambaa, akianza Jumapili ikibidi, na nikimfungia mlango atatokea dirishani. Alikuwa ameshika kifua kwa mkono mmoja, midomo imekuwa rangi ya majivu. Niliona wazi, kaka, kwamba atafia juu ya jiwe lako, na tutamteremsha kwenye turubai kama anavyoteremshwa dume. Nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Na mdomo wangu huu, ambao umeshatuletea balaa moja, ukafunguka wenyewe. Nilimwambia, "Baba, kaa chini, huna haja. Wendell anakuja mwaka huu. Atakaa mwenyewe."

Akakaa. Akauliza, "Amesema?" Nikasema, "Amesema."

Hukusema. Najua hukusema. Nimemdanganya baba yangu, na uongo wenyewe hauvutiki tena kurudi, maana tangu wakati huo amekuwa mtu mwingine. Anakula. Anapiga miluzi. Amemwambia mke wa Virgil kwamba pai ilikuwa nzuri lakini mwenye mwamba anarudi, na kufika mchana habari ilikuwa imemaliza korongo zima. Dorsey ameipokea vibaya. Lile koti lako la sufu amelitoa sandukuni, amelitundika nje kwenye kamba litoke harufu ya dawa ya nondo ili kulungu wasiisikie. Ameniuliza kama bado unakula chapati za ngano nyeusi, nami nikasema ndiyo, nao huo pia sijui kama ni uongo.

Tena amenipa mpango, safari hii wote kamili, na hakuna nilipokosea. Wewe utakuwa juu ya mwamba kabla ya kucha. Kwa kuwa upepo pale ni mbaya na hakuna kulungu atakayekuja kwa hiari yake, mimi nitakuwa chini. Jua likishapiga mawe nitakiingia kile kichaka kwa miguu, nimevaa kizibao cha rangi ya machungwa ili usinipige, na nitakisukuma chote kutoka chini kwenda juu, polepole, kama alivyonielekeza: kushoto kwenye mkondo wa maji, kusimama, kukohoa kidogo, kuendelea. Yeye atakuwa barazani amejifunika blanketi, anasikiliza mlio. Aliniapisha nisikwambie. Alisema nikikwambia nitakuharibia.

Nimekwambia. Usijisifu sana barabarani.

Kwa hiyo jibu lako ni hili: akili ya Baba ipo, yote, wala hakuna haja ya Charlotte. Yangu ndiyo siijui iko wapi. Kuna saa naona nimemwokoa, kuna saa naona nimemtendea jambo baya kuliko kama angeanguka mlimani, na mara nyingi naona yote mawili nikiwa nakoroga sufuria moja ya watoto wa shule. Ukija, utanunua leseni ya mgeni, ni ghali kidogo, lakini kisheria ndivyo ulivyo. Ulete viatu vyenye meno. Usipokuja, usinipigie mimi nimtafutie maneno. Mpigie yeye, umwambie mwenyewe kwa mdomo wako. Mimi neno "mwakani" siwezi tena kumfikishia.

Msalimie wifi Patrice na umbusu kila mtoto kwa niaba yangu, hasa yule mdogo ambaye bado hajamwona babu yake. Mchungaji na mke wa Virgil wanakusalimu, Dorsey hakusalimu. Baba anauliza ninaandika nini kirefu hivi. Nimemwambia nakueleza njia, akasema nisisahau kukukumbusha kwamba daraja la chini limevunjika, uzungukie juu.

Ni mimi dada yako, ninayekungoja bila kujua kama nangoja kitu,

Darlene Kesner